Kubishana Pasipo Kususiana

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani mbele ya waumini na viongozi wa walei, Pemba





Tunawashukuru kwa kuitikia mwito wetu, hasa ninyi mliotoka Mkoani na Micheweni mkapanda gari za alfajiri ili mfike kwa wakati. Mada tuliyopewa ni mgawanyiko wa kisiasa katika kisiwa hiki na namna ya kuupunguza. Tulipokuwa tukiitayarisha, baadhi yetu katika Tume tuliuliza kama ni busara kulizungumza jambo hili. Sisi ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya nusu milioni Pemba, na Wakristo miongoni mwao ni kundi dogo, wengi wakiwa watu waliokuja kwa kazi: walimu, wauguzi, askari, mafundi, na wachumaji wa karafuu waliofika kwa msimu mmoja wakabaki maisha. Mgeni ni kuku mweupe, wasemavyo wazee. Mmoja wetu akasema kuku mweupe afadhali anyamaze. Mwenzake, mwalimu mstaafu aliyeishi hapa miaka mingi, akamjibu kwamba kuku mweupe huonekana hata akinyamaza, na akinyamaza watu humkadiria wapendavyo. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda.

Tutaanza na kisa kinachotuhusu wenyewe, kwa kuwa haifai kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kujitazama.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, katika kijiji kimoja cha kaskazini, alikuwako mama wa jumuiya yetu, mke wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka bara. Mama huyu alikuwa akipika maandazi na vitumbua na kuviuza barazani kwake kila asubuhi. Wiki ya pili baada ya matokeo kutangazwa, hakuja mtu kununua. Siku ya kwanza alidhani ni mvua. Siku ya tatu watoto waliozoea kutumwa kwake walipita mbele ya nyumba na visahani vyao wakielekea kwingine, na mmoja wao akamwamkia kwa macho tu, bila kufungua mdomo. Kisimani wenzake walijitwika ndoo zao alipofika, hata zile ambazo hazijajaa. Mwaka uliofuata alifiwa na mtoto mchanga, na waliokuja kuzika walikuwa watu wa kanisa peke yao. Ninyi mnayajua mazishi ya Pemba: kijiji kizima huacha majembe. Siku ile majembe yaliendelea kusikika mashambani.

Mama alikuja kwetu. Tulisali pamoja naye, tukamwambia avumilie, na hatimaye tukamshauri ahamie Chake Chake, mahali palipo na mchanganyiko wa watu. Wakati ule tulijiona tumefanya vema. Hatukumwuliza hata mara moja majirani zake wana neno gani juu ya nyumba yake, wala hatukwenda kuwauliza wao.

Aliyeuvunja ukimya ule hakuwa mmoja wetu. Alikuwa bibi mzee wa nyumba ya tatu, Mwislamu, mfuasi wa chama cha upinzani asiyejificha, aliyekuja usiku na kibatari kupitia mlango wa uani. Akasema: "Mwanangu, sisi hatukuyakasirikia maandazi yako. Mumeo alikaa meza moja na sheha siku za kuandikisha wapiga kura, na kijana wangu akaambiwa si mkaazi. Mtoto niliyemzaa hapa hapa! Nyinyi mmelisahau, sie hatujalisahau." Mama akamjibu kwa hasira kwamba mumewe alitumwa kazini kama mtumishi mwingine yeyote, na kwamba mtoto wake aliyezikwa bila majirani hakuwa amemkatalia mtu kura. Wakagombana kwa sauti kubwa, hata watoto wakaamka. Bibi akaondoka bila kuaga. Asubuhi akamtuma mjukuu wake na kisahani: maandazi kumi.

Hatusemi kwamba mambo yalitengenea. Kijana yule hakurudishiwa haki yake ya mwaka ule. Mume wa mama alikwenda kuonana naye, na kwa maneno yake mwenyewe "tulitoka kama tulivyoingia". Lakini usiku ule wa makelele ndio uliokuwa mara ya kwanza kwa nyumba zile mbili kuambiana jambo lililowatenga. Kabla ya hapo kulikuwa na utulivu, na lau mgeni angepita kijijini angeandika katika taarifa yake kwamba hali ni shwari.

Kisa hiki kilitulazimisha kuisahihisha fikra yetu. Tulizoea kudhani kwamba ugonjwa wa siasa za visiwa hivi ni ubishi kuzidi kiasi, na kwa hiyo dawa yake ni kuwasihi watu wapunguze maneno. Tulipochunguza tuliona kwamba katika vijiji vilivyoumia zaidi ubishi ulikuwa umekwisha kabisa. Wa chama hiki walikaa kwenye maskani yao, wa chama kile kwenye baraza yao, kila upande ukaongea na wale waliokwisha kukubaliana nao. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hapa vilikuwa vimetengwa, kila kimoja katika kabati yake, nasi tukausifu ukimya.

Jambo hili ni la zamani kuliko vyama vya leo. Wazee huiita miaka ya 1957 hadi 1963 Zama za Siasa. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao, na upande wa pili ukajibu kwa kususia maduka. Watu wakabaguana katika mabasi, kisha katika mazishi. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9, na ZPPP, chama ambacho nguvu yake ilikuwa hapa Pemba, viti 3. Wajumbe hao watatu nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, Baraza likawa kumi na moja kwa kumi na moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, na watu 68 wakauawa katika ghasia, kwa sehemu kubwa huko Unguja. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963 na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Tunayataja haya kwa haraka, kwa kuwa kila nyumba hapa ina masimulizi yake. Lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba kususia duka na maiti ya jirani kulitangulia kumwaga damu yake, na kuliizoesha mioyo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 watu walikuwa wameyahifadhi mazoea hayo kama nguo sandukuni. Matokeo ya urais wa Zanzibar ya Oktoba 1995 yalikuwa asilimia 50.2 kwa Dakta Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, tofauti isiyofika kura elfu mbili. CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba. CCM ilichukua majimbo 26 ya Unguja. Hebu zitazameni hesabu hizo, ndugu. Ni watu wawili waliopanda mtumbwi mmoja, uzito wao ukiwa sawa, na kila mmoja akakata shauri kwamba mwenzake hayumo chomboni. Wawakilishi wa CUF wakalisusia Baraza. Wapemba wakalalamika kwamba wanaachishwa kazi na kusahauliwa katika huduma. Vijijini wakasusiwa wale waliojulikana au kudhaniwa kuwa wa chama tawala, na sisi wageni, kwa kuwa wengi wetu tulikula mshahara wa serikali, tulihesabiwa humo bila kuulizwa.

Mwafaka wa kwanza ulitiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Haukutekelezwa ipasavyo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Unguja tarehe 5 Novemba, na upinzani ukakataa matokeo. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana, hapa Wete, Micheweni na Chake Chake, na risasi zikapigwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliouawa kuwa 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawakupungua 35. Watu wapatao elfu mbili walivuka mkondo kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyopokea wakimbizi tangu uhuru, ikawa imetoa wakimbizi. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliyaandika mauaji yale kwa majuto katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019.

Hapa yatupasa kusema jambo waziwazi, asije mtu akatuelewa vibaya. Tunaposifu ubishi wenye manufaa hatuyaweki maandamano na risasi katika mizani moja, wala hatumwambii aliyefiwa kwamba pande zote zilikosea kiasi kile kile. Yapo makosa yenye mwenyewe, na anayedai yasemwe hadharani anaijenga nchi. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliufundisha ulimwengu tangu mwaka 1972 kwamba hakuna amani pasipo kuitafuta haki. Tume hii imebeba maneno yote mawili katika jina lake, na mara nyingi tumelisoma la pili tukaliruka la kwanza.

Sasa turudi kwenye ubishi wenyewe. Wapo wanaosema kwamba Mswahili kwa asili yake hapendi kupingana mbele za watu, na kwamba demokrasia ya kupingana ni vazi la kigeni. Wasemao hivyo hapa Pemba wameisahau Pemba. Kisiwa hiki kilizaa washairi Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa tungo, na kisa chao kimekusanywa katika kitabu cha *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotolewa mwaka 2011. Katika malumbano ya kishairi mtu hujibu hoja ya mwenzake kwa vina na mizani ile ile aliyotumia mwenzake. Fikirini sharti hilo lilivyo zito: huwezi kumjibu mtu kwa mizani yake usipomsikiliza kwanza hadi kituo cha mwisho. Na ng'ambo kule Makunduchi, katika sherehe za Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili za mji hupigana kila mwaka kwa mikomba ya migomba. Wanapigana kweli, na mtu huumia kidogo. Lakini silaha imechaguliwa na wote, na uwanja unajulikana, na baada ya hapo watu hula pamoja wakiwa wameyaacha ya mwaka uliopita.

Maandiko nayo hayakutuficha kitu. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia manung'uniko katika Kanisa la kwanza: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na waliogawa walikuwa watu wa lugha nyingine. Hilo kwa lugha ya leo ni lalamiko la upendeleo wa kikabila katika huduma. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanahatarisha umoja. Waliuita mkutano wa wote, wakakiri kwamba mgawo una kasoro, wakaitaka jamaa ichague watu saba. Yasomeni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande ule ule ulionung'unika. Sisi tuliisoma sura hii miaka mingi kama habari ya kuwekwa mashemasi, na ni kweli ndivyo ilivyo, ila tulipita haraka juu ya ugomvi uliowazaa.

Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikiri kwamba Wakristo wenye nia njema sawasawa wanaweza kuhitilafiana kihalali katika mambo ya dunia. Ulisema hakuna mmoja wao anayeruhusiwa kulinyakua jina la Kanisa kwa ajili ya maoni yake, bali waangaziane kwa mazungumzo ya kweli. Kwa hiyo kiongozi wa jumuiya anayekuja kwenye sala na sare ya chama amekosea, na yule anayewaambia wanajumuiya kwamba Mkristo mwema hana siasa amekosea vile vile.

Tuyatazame sasa maridhiano, maana yapo ya kujivunia. Mwafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, wakimbizi wakarudi, daftari la kudumu la wapiga kura likaanzishwa, na upinzani ukapata wajumbe katika Tume ya Uchaguzi. Mazungumzo yaliyofuata baada ya uchaguzi wa 2005 yalikwama mwaka 2008. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakaonana Ikulu ya Zanzibar, wao kwa wao, bila msuluhishi wa kutoka nje. Maalim Seif alipowaeleza wafuasi wake kwamba chama chao sasa kinamtambua Rais Karume, baadhi yao hawakuificha hasira yao, naye akasimama akabishana nao. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likaipitisha hoja iliyoletwa na kiongozi wa upinzani barazani, Abubakar Khamis Bakary, ikaundwa kamati ya watu sita, watatu kwa watatu, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Oktoba ile Dakta Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, karibu sawa na mwaka 1995, na safari hii aliyeshindwa akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Walioishi hapa miaka ile watawaambia jinsi hewa ilivyobadilika. Watu walirudi kuzikana. Mama yetu wa maandazi alikuwa amekwisha kurudi bara, lakini tulipata habari kwamba bibi yule wa kibatari aliagwa, alipofariki, na watu wa vyama vyote.

Mbona basi yalivunjika kwa siku tatu? Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatangaza kuufuta. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na Pemba ikarudi kule kule: maduka, vyombo vya usafiri, misiba. Safari hii hata mikarafuu ilikatwa, mti ambao mtu huupanda kwa ajili ya wajukuu. Oktoba 2020 watu walipoteza maisha tena. Desemba ile Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alikubali tena kuingia serikalini, akafariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe. Hadi Oktoba 2025 tumekwisha kupiga kura mara saba katika mfumo wa vyama vingi, bila kuhesabu marudio ya 2016.

Kwa maoni yetu sababu moja, isiyo ndogo, ni kwamba mapatano yote matatu yalifungwa juu. Wakubwa walipopatana, wadogo walipewa habari. Na wakubwa walipofarakana, wadogo hawakuwa na mahali pao wenyewe pa kusemezana. Yapo mataifa yaliyojaribu njia nyingine. Afrika Kusini, wakati watu wakiuawa kila wiki, vyama vilitia saini Mapatano ya Taifa ya Amani tarehe 14 Septemba 1991, makanisa na wafanyabiashara wakiwa wameyaandaa, na mapatano hayo yakaunda kamati za amani hadi ngazi ya mitaa, ambamo polisi, wanachama wa vyama vilivyouana na viongozi wa dini waliketi meza moja kuulizana juu ya maandamano ya kesho yapite barabara gani. Mauaji hayakukoma mara moja, na kamati nyingine zilishindwa kabisa. Lakini palikuwepo meza. Sisi tunayo meza ya Ikulu. Ya shehia hatuna.

Na mezani tuzungumze nini? Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize zaidi, kwa kuwa mtu akialikwa kuzungumzia "umoja" atasema maneno matamu na kurudi nyumbani jinsi alivyokuja. Tuzungumze jambo lenye mwanzo na mwisho. Chukueni karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka katika kisiwa hiki, na kwa miaka mingi mnunuzi halali alikuwa mmoja, shirika la serikali, kwa bei iliyomfanya mkulima ayatazame magendo ya kwenda Kenya kama wokovu. Mwaka 2011, Serikali ya Umoja ikiwa changa, bei ilifika shilingi 15,000 kwa kilo. Je, mkulima alipwe sehemu gani ya bei ya soko la dunia? Huo ni ubishi mzuri. Una hesabu ndani yake, una mizani na risiti, na mtu wa CCM mwenye mikarafuu hamsini atajikuta upande mmoja na mtu wa ACT mwenye mikarafuu hamsini. Lakini mkiuliza nani Mzanzibari halisi na nani mgeni, nani wa Mapinduzi na nani wa Hizbu, ubishi huo hauna risiti. Aliyeshindwa hawezi kwenda kwao akajirekebisha, maana alichoshindwa ni kuwa yeye.

Jambo la daftari na vitambulisho liko katikati ya hayo mawili, na kwa hiyo ni gumu zaidi. Mwaka 2009 uandikishaji hapa Pemba uliingia katika mgogoro kwa sababu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa kuwa mwenye kukikosa alikosa na kura. Nyuma ya kitambulisho yupo sheha, ambaye hateuliwi na wanakijiji, na ambaye neno lake juu ya nani ni mkaazi lina uzito. Sheha naye ni jirani, ana watoto, ana shamba. Wengine wamechomewa nyumba. Tukimwacha aamue peke yake chumbani tunamwonea yeye pamoja na wale anaowakataa. Majina yakisomwa hadharani, kila anayekataliwa akaambiwa sababu mbele ya mashahidi wa pande zote, sheha atapungukiwa na mamlaka kidogo na kupata usingizi. Haya si maneno yetu tu. Masheha wawili waliotukubalia mazungumzo walituambia hivyo kwa namna yao.

Mtatuuliza: na sisi, kundi hili dogo, tuna kazi gani humo? Iko methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Tumeitumia methali hiyo kama pazia kwa miaka mingi. Tunasema huu ni ugomvi wa ndugu, sisi ni wapangaji. Lakini mtoto wa mama yule alizikwa katika udongo huu, na watoto wetu wengi waliozaliwa hapa wanaota ndoto zao kwa Kipemba. Isitoshe, askari aliyeshika bunduki mwaka 2001 na mtumishi aliyeshika kalamu mwaka 1995 wengine walikuwa watu wanaosali nasi. Hatuwezi kuwaombea wao na waliofiwa katika misa moja pasipo kuwauliza walifanya nini na kwa amri gani.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya ifanye jambo moja kabla hatujakutana tena. Andikeni lalamiko moja mlilo nalo juu ya majirani zenu, liwe la kweli, lenye mahali na wakati, lisiwe la "watu wa hapa wako hivi". Kisha nendeni mkawaulize majirani hao, uso kwa uso, wana lalamiko gani juu yenu, nalo mliandike kwa maneno yao wenyewe bila kulijibu. Msipeleke barua, wala msimtume mtoto. Mkifukuzwa, andikeni kwamba mmefukuzwa. Karatasi zote mbili zifike kwa katibu wa Tume kabla ya Kwaresima. Siku ya mkutano tutaanza kwa kuzisoma zile za majirani, na tumewaomba viongozi wa misikiti iliyo jirani nasi, makatibu wa matawi ya vyama, na masheha watakaoweza, waje wakae nasi wasikilize kama tumeyaandika maneno yao sawasawa.